VR ya Kabwe: kushika rahisi, kuachia ndo shughuli

Wadau wa Mbeya mlioniuliza kuhusu ile sehemu mpya ya gemu za VR (zile unavaa miwani unajiona uko ndani ya gemu) maeneo ya Kabwe, nimeenda. Buku 5 dakika 15, miwani ni Quest, zile za kampuni ya Meta, wanaifuta vizuri kabla hujavaa na dogo anayehudumia ni mstaarabu, hapo sina neno. Nawapa nyota 3.

Ishu iko mkononi. Wanakuuliza unataka rimoti za kushika mkononi au mikono mitupu (Quest zinasoma mikono tangu mwisho wa 2019), wengi wanakimbilia mitupu wakiona ndo ya kisasa, we chukua rimoti. Kwa rimoti unabana batani ya pembeni na kidole cha kati kitu kinashikika, ukiiachia kinadondoka hapohapo, halafu inatetema kidogo so unajua kabisa umekamata. Mkono mtupu hauna batani jamani, kamera za miwani zinaangalia tu kidole gumba na cha shahada vimegusana au vimeachana. Kushika inakubali fresh, sasa uje kuachia! Nilikuwa narusha mpira kwenye ndoo, na ukirusha vidole havifunguki kwa mpigo mmoja, mashine inabaki inakisia umeachia saa ngapi, mpira unanata vidoleni kama ugali wa moto halafu unaangukia miguuni kwako. Ukisema uvute mkono nyuma ya sikio urushe kiume ndo umeharibu kabisa, huko nyuma kamera hazioni, mkono unapotea na mpira wake.

Na chumba chao sasa, kina taa moja tu tena hafifu, wakati kamera zinataka mwanga. Ongeza na baridi letu la mwezi wa 7, watu wanaingia na masweta yamefunika mpaka nusu ya viganja, kuna dada alihangaika na kikombe weee mpaka dogo akamwambia dada angu hebu kunja sweta, kukunja tu kikombe kikashikika. Taa nimewaambia, wamesema wataongeza, haya tusubiri.

Mitupu iwe kwa vitu vya taratibu, kupanga matofali, kubonyeza menyu. Kurusha na ndondi ni rimoti, na ile kamba yake vaa kwny mkono usione aibu, maana ukishanogewa kuachia mpira utaachia na rimoti yenyewe, na TV yao iko mbele yako na bei yake wameibandika ukutani kabisa.