Nimesikiliza redio ya 1939 kutwa nzima, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka usiku

Mi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Tanga, kwa hiyo redio kwangu sio anasa, ni mwenzangu wa kazi. Sasa kijana wa dada yangu akaniambia kuna rekodi ya stesheni moja ya Washington, Marekani, inaitwa WJSV, ambayo tarehe 21 Septemba 1939 walirekodi kila kitu kilichoenda hewani siku ile, asubuhi mpaka saa saba usiku, kama saa 18 na nusu hivi, matangazo ya biashara humo humo, na inashushwa bure kabisa mtandaoni. Nikamwambia niwekee kwenye flashi tuone.

Jaribio la kwanza lilikuwa vurugu. Sabufa yangu inapiga mafaili kwa kufuata herufi za majina, sio saa, kwa hiyo nimekaa tu kwenye cherehani nasubiri kipindi cha asubuhi, nikaletewa muziki wa dansi wa usiku wa manane. Ikabidi arudi na laptop ayape namba 01, 02, 03 yote. Ukishusha fanya hivyo kwanza, usije ukaniambia sikukwambia.

Jumamosi yake nikawasha saa kumi na mbili na nusu kamili, nilitaka saa zao ziende na zangu. Asubuhi yupo mtangazaji anaitwa Arthur Godfrey, na kwa kweli huyu ndo amenifanya nisizime. Haongei kama anahutubia, anaongea kivivu kivivu kama jirani aliyeegemea dirisha lako hajapiga mswaki, anaweka sahani za santuri, anataja saa, anakumbusha saa tena, ukijumlisha ni kama anawatoa watu kitandani mmoja mmoja. Binti yangu wa darasa la sita akawa anamgeuzia bibi yake saa, jamaa akisema seven yeye anasema "saa moja, bibi".

Kuanzia saa tatu asubuhi ndo utamu wenyewe. Tamthilia za robo saa robo saa, moja ikiisha nyingine inaingia, zimepangiliwa kabisa kwa ajili ya mama aliye nyumbani anaosha vyombo au anapiga pasi, na wanaolipia nyingi ni kampuni za sabuni, ndo maana mpaka leo Wamarekani wanaziita opera za sabuni. Nilikuwa napinda sketi za shule, nikagundua robo saa inatosha kumaliza pindo la sketi mbili na kubadili bobini. Hawa watu walijua kazi za nyumbani zinavyokwenda bana, ukikosa sentensi tatu kwa sababu mteja amebisha hodi hujapoteza kitu, wanarudia.

Bi mkubwa wangu Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Lakini alikaa na ungo wake wa mchele pale mlangoni, kinanda kikilia kwa kutetema anaacha kuchagua mchele, mkono unabaki juu na punje, anasema "hapo anadanganywa huyo, msikie". Na mara nyingi alikuwa sawa! Aliyempenda zaidi ni Helen Trent, kipindi kinaanza na mtu anaghuna wimbo bila maneno, halafu wanauliza kama mwanamke aliyefika miaka 35 bado anaweza kupata mapenzi. Nilivyomtafsiria akacheka mpaka ungo ukataka kumwagika, "thelathini na tano ndo mzee?"

Mchana tamthilia zikapisha, akaja Rais Roosevelt anahutubia Bunge lao. Vita ya Ulaya ilikuwa na wiki tatu tu, anawaomba waondoe lile zuio la kuuza silaha kwa nchi zinazopigana. Mi historia niliisoma shuleni kwa kukariri, ila kuisikia imewekwa katikati ya sabuni na mapenzi, watu wa siku ile hawajui hata itaisha lini, nilisimamisha mguu kwenye pedeli, nikasikiliza hivyo hivyo.

Halafu jioni besiboli. Cleveland na Washington. Sitadanganya, hapo hatukuelewa chochote, binti akasema ni rede yenye rungu, tukapunguza sauti nikaenda sokoni.

Baada ya hapo kuna kitu lazima niseme. Kinakuja kipindi cha Amos 'n' Andy, kilikuwa kinapendwa Marekani nzima. Vichekesho vya watu weusi wawili, tulianza hata kutabasamu, ndo kijana akatuambia hao waigizaji, Gosden na Correll, ni wazungu wanaoigiza sauti za watu weusi. Basi ikanikaa vibaya. Binti akauliza "kwa nini wasiwaite wenyewe?" nikakosa la kumjibu, nikazima robo saa ile yote. Kama una watoto jua kabla, sio unashtukizwa kama mimi.

Baadaye usiku nikawasha tena, Major Bowes, mashindano ya vipaji, BSS (Bongo Star Search) ya babu zao, watu wa kawaida wanaimba na kupiga vyombo. Frank Sinatra alishapitia hapo 1935 kabla hajajulikana. Mwishoni bendi za dansi mpaka kufunga, hizo nilizisikia nusu, usingizi nusu.

Sauti inakwaruza sehemu sehemu, ilirekodiwa kwenye sahani, lakini kwenye sabufa ukipunguza besi inasikika vizuri tu. Bando andaa, ni mafaili mengi. Ya kukaa kwenye kochi ukaitolea macho sio, utachoka kabla ya saa nne asubuhi. Ya kufanyia kazi, naipa nyota 4 kati ya 5.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya Jumapili. Bi mkubwa kaamka, kanywa chai, kavuta ungo mlangoni, ananiambia "haya mwanangu, weka yule wa mapenzi". Nikamweleza ni siku moja tu ndo iliyorekodiwa. Akauliza kwani hadithi yenyewe ilikuwa ndefu? Nikamwambia ilianza 1933 ikaisha 1960. Akanyamaza, akapeta mchele, baadaye akasema nimwambie yule kijana atafute vizuri.