Kuzunguka Mongolia kwa gari na dereva: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, mwenye haraka asome hapa aendelee na shughuli zake. Huduma ya kukodi gari, dereva na mwongozaji kuzunguka Mongolia ya kati na jangwa la Gobi naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya kampuni, nchi yenyewe haina kosa. Na katika hizo nne, mbili nampa dereva.

Nasoma Beijing, na kutoka huko ni ndege ya muda mfupi tu hadi Uwanja wa Chinggis Khaan, ule mpya uliofunguliwa 2021, kilometa 50 hivi nje ya Ulaanbaatar. Mjini sikukaa. Nchi ina watu kama milioni 3.5 na karibu nusu yao wamejazana pale, kwa hiyo foleni haitamsumbua mtu aliyewahi kukaa Dar. Kitakachomshangaza ni magari: Toyota Prius za mtumba kutoka Japani kila kona, usukani kulia, halafu wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva akitaka kulipita lori haoni kitu mpaka nusu ya gari iwe imeshatoka. Nilishukuru kwamba sisi tulipewa gari la Kirusi lenye usukani kushoto.

Gari lenyewe ni UAZ, lile basi dogo wanaloliita furgon, ambalo sura yake haijabadilika sana tangu lianze kutengenezwa miaka ya 1960. Halina kiyoyozi. Viti vya nyuma vinatazamana, na injini iko ndani ya kabini, katikati ya dereva na abiria wa mbele, kwa hiyo anayekaa mbele huiva mguu mmoja. Kampuni zitakushawishi uongeze hela upewe Land Cruiser. Kama una mgongo mbovu, ongeza. Kama huna, baki na furgon, maana likiharibika linatengenezwa palepale. Kusini ya mji wa Mandalgovi lilianza kukatakata, likazima. Mzee wetu, yaani dereva, hakusema neno. Alifunua kifuniko cha injini, akafungua kabureta, akaiosha kwa petroli na mswaki, akavipuliza vile vitundu kwa mdomo, akatema pembeni, akarudisha kila kitu mahali pake. Maji tuliyobandika kwa ajili ya chai hayajachemka, akatuita tupande. Ule mswaki aliurudisha kwenye mfuko wa shati, nikamwomba Mungu usiwe ndio huohuo wa asubuhi.

Lami inafika Dalanzadgad, makao makuu ya mkoa wa Ömnögovi. Ukitoka hapo ni njia za magurudumu tu, moja inagawanyika nne, nne zinakuwa saba, na kibao hakuna. Mzee hakuwa anatafuta njia kwenye simu. Akiona ger (ile nyumba yao ya mviringo) anakata kona, anasimama mbali kidogo, anapaza sauti wenyeji wamshike mbwa, kisha anaingia. Wanapeana chupa za ugoro kwa mkono wa kulia, wanaulizana habari za majani na mvua, chai ya maziwa yenye chumvi inazunguka, ndipo njia inapoonyeshwa, tena mara nyingi kwa kidevu. Kulikuwa na wenzetu wawili waliolalamika kwamba tunapoteza muda. Kwangu mimi hiyo ndiyo huduma niliyoilipia. Vituo hivyo havikuandikwa kwenye ratiba, na bila mzee tusingevipata.

Vivutio nitavipitia haraka. Yolyn Am ni korongo jembamba ambamo barafu hudumu hadi kiangazi, ndani ya jangwa, vaa koti. Khongoryn Els ni milima ya mchanga, mingine inakaribia mita 300; hatua mbili juu, moja inakurudisha, na juu kabisa tulifika kwa miguu na mikono. Bayanzag ni yale majabali mekundu ambako msafara wa Mmarekani Roy Chapman Andrews uligundua mayai ya dinosaria mwaka 1923. Nenda jioni, mchana ni joto tupu. Kharkhorin usiende na matarajio ya kuuona mji wa wafalme wa Kimongolia, kwa sababu mji haupo. Mawe yake yalijengea monasteri ya Erdene Zuu kuanzia 1585, nayo ikabomolewa sehemu kubwa wakati wa utawala wa kikomunisti miaka ya 1930. Kumebaki ukuta wenye stupa 108 (vijengo vya ibada vya Kibudha), mahekalu machache, na jumba la makumbusho lililo zuri kuliko nilivyotegemea. Sanamu ya chuma ya Chinggis (Genghis Khan) juu ya farasi, mita 40, ukiwekewa kwenye ratiba omba ifutwe, muda huo uende hifadhi ya Hustai ukawaone takhi, farasi-mwitu waliorudishwa porini kuanzia 1992.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Kampuni zote zinatangaza "kulala kwa wafugaji", na wengi wanafikiri ni kama kambi ya watalii yenye mapambo ya asili. Sivyo. Unaingia kwa watu walio kazini. Katika bonde la Orkhon tulifikia kwa familia yenye kondoo, mbuzi, farasi na yak (ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu), na hakuna aliyeacha kazi kwa sababu yetu. Mlango wa ger unatazama kusini, jiko la bati liko katikati linakula samadi kavu, mgeni anakaa upande wa kushoto akiingia. Kizingiti hakikanyagwi, nguzo mbili za katikati hupiti kati yake. Ukipewa kitu, pokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushika kiwiko. Mtu aliyelelewa vizuri nyumbani hatahangaika.

Kiangazi wanakamua farasi. Watoto wa farasi wamefungwa kwenye kamba ndefu iliyotandazwa chini, na majike wanakuja wenyewe kwa sababu watoto wako pale. Kijana anamleta mtoto, anaachiwa anyonye kidogo maziwa yateremke, kisha anavutwa kichwa pembeni, abaki amegusana na mama. Mama wa nyumba anapiga goti moja, ndoo juu ya paja, mkono mmoja anaupitisha nyuma ya mguu wa farasi, anakamua mikono yote miwili harakaharaka. Dakika chache amemaliza, anahamia kwa mwingine. Baada ya saa mbili hivi wanaanza upya, mchana kutwa. Maziwa yanamiminwa kwenye kiriba cha ngozi kilichotundikwa karibu na mlango, na kila anayeingia anashika mti na kukoroga. Hiyo ndiyo airag, kinywaji chao cha heshima.

Mimi ni mtu wa Simanjiro, nyumbani tunafuga. Mwenye nyumba alipoambiwa hivyo na mwongozaji, maswali ya kitalii yaliisha. Akataka kujua ng'ombe wetu wananyweshwa kila baada ya siku ngapi, anayelinda usiku ni nani, na tulipoteza wangapi kwenye ukame wa 2021 na 2022. Nikamweleza. Naye akaeleza dzud, kipupwe ambacho theluji inaganda kuwa barafu juu ya majani, mnyama anayaona majani lakini hayafikii. Dzud ya 2023 kuingia 2024 iliua mifugo zaidi ya milioni saba nchini kwao. Majirani zake wawili waliuza waliobaki, wakahamia pembezoni mwa Ulaanbaatar wakachoma makaa ya mawe kama wengine. Alilisema hilo huku anamchana mbuzi kwa vidole, bila kuinua macho. Mbuzi ndio wanaotoa sufu ya kashmiri, ndio wanaolipa ada za shule, na yeye mwenyewe alikiri kwamba wamezidi, wanang'oa majani hadi mizizi.

Kwa msomaji Mwislamu, haya yaulizwe kabla ya kulipa. Airag ina kilevi, kidogo lakini kipo, karibu asilimia mbili. Na nyama ya nyikani si ya halali: hawachinji shingo, hupasua kifuani, wakaingiza mkono kukata mshipa mkubwa, damu isimwagike ardhini. Mwenzetu mmoja Mwislamu aliishi kwa mayai, wali, mtindi na aaruul, yale maziwa yaliyokaushwa juani hadi yakawa magumu kama jiwe. Kama hilo ni zito kwako, fikiria mkoa wa Bayan-Ölgii, magharibi kabisa, ambako wenyeji wengi ni Wakazaki Waislamu. Sisi wengine tulikula kondoo asubuhi, mchana na jioni. Khuushuur, unga uliojazwa nyama na kukaangwa, ni tamu. Mboga utazikumbuka, na pilipili ubebe yako.

Malalamiko yangu kwa kampuni, ambayo siitaji jina. Ratiba ilisema tutalala kwa familia safari nzima, kumbe baadhi ya malazi ni kambi za watalii: ger zimepangwa mstari juu ya zege, maji ya moto saa mbili tu jioni, na muziki kutoka kwenye spika. Hakuna aliyetuuliza. Mwongozaji tuliyeahidiwa alibadilishwa asubuhi ya kuondoka, tukapewa mwanafunzi mpole, mpishi hodari, ambaye historia alikuwa akitusomea kwenye simu. Mwisho tukaletewa ada za hifadhi ambazo mkataba ulisema zimo. Tulipoutoa mkataba wakanyamaza. Kwa hiyo uwe nao kwenye karatasi.

Mengine madogo. Bei hupangwa kwa gari kwa siku, mkijaa mnapumua. Beba fedha taslimu, tögrög, dola moja ilikuwa inatoa zaidi ya 3,000. Mtandao wa simu unapatikana ukikaribia makao ya wilaya, kisha unasahau. Choo ni shimo na mbao mbili, mara nyingi bila mlango, kikitazama nyika yote. Usiku wa Julai unalala na soksi. Watoto waliziuliza nywele zangu, wakazishika, wakacheka, nami nikazishika za kwao, ikaisha hapo. Wenyeji wapelekee kitu kinachotumika, kama betri za tochi au daftari, peremende zimewachosha.

Kabla ya kutuma malipo ya awali, uliza majina ya kambi usiku kwa usiku, na uliza dereva ni nani na amezunguka Gobi miaka mingapi. Wakikujibu "tutakujulisha", tafuta wengine. Na bahshishi ya dereva mpe mkononi mwake mwenyewe, usiipitishe ofisini.