Somo la fyuga katika darasa la kinanda, Gangilonga
Nimehudhuria kwa Jumamosi nne darasa la kinanda lililopo Gangilonga, Iringa, na somo la fyuga (utunzi wa muziki ambamo sauti kadhaa huingia kwa zamu zikiiga wazo moja) pekee limetosha kuhalalisha ada niliyolipa. Mwalimu alipiga wazo fupi kwa kidole kimoja, kisha akaonyesha jinsi sauti ya pili inavyoliiga katika kimo cha juu zaidi huku ya kwanza ikiendelea na njia yake, kama mtunzi Mjerumani Bach alivyofanya katika fyuga 24 za mkusanyiko wake wa 1722. Asili ya jina fyuga ni neno la Kilatini lenye maana ya kukimbia (halihusiani na kufuga kuku), ndiyo maana wanasaikolojia hulitumia kwa mtu anayeondoka kwake ghafla, akisahau hata jina lake. Maelezo hayo ya pili yaliharakishwa mno, na vitufe viwili vya kinanda havilii.