Nikon FM2, kamera iliyonilisha

Kabla sijawa mpiga picha wa gazeti Dar, kazi niliyoifanya miaka ishirini na saba, nilikuwa mtoto wa kupanda kreti la soda ndani ya chumba cha giza cha baba, Tanga, nikitazama bibi harusi wa watu akijitokeza polepole kwenye karatasi iliyolowa dawa. Kamera nyingi zimepita mkononi tangu hapo. Ninayotaka kuisemea ni Nikon FM2.

Ilitoka 1982. Shata yake, pazia linalofunguka kupitisha mwanga, inafika 1/4000 ya sekunde, na inaendeshwa na springi na gia tupu. Vibetri viwili vya duara ni vya kipima mwanga tu. Hilo nililihakikisha Uwanja wa Taifa, huu wanaouita Uhuru siku hizi, Simba na Yanga, vitaa vyekundu vya kipima mwanga vilipozimika kipindi cha pili. Filamu ya 400 (kipimo cha wepesi wake wa kunasa mwanga), jua kali: shata 1/500, tundu la lenzi f/16, huhitaji kuuliza mtu. Jua lilipoanza kuinama nikawa natazama kivuli changu. Kikinizidi urefu, nafungua lenzi f/11, kisha f/8. Usiku filamu ikasafishwa, mhariri hakujua lolote. (Bao sikulipata. Liliingia nimechuchumaa, mlango wa nyuma wazi, navisha roli ya tatu. Picha 36 huisha upesi.)

Kasoro zipo. Haikubali kufyatuka mpaka uuvute nje kidogo mkono wa kusogeza filamu, nao hukaa palepale usoni. Sisi wa jicho la kushoto hutuchoma paji la uso. Nilikuwa narudi nyumbani na alama, mke wangu anauliza nimegombana na nani. Na mlio wake! Msibani ukibonyeza, kaa! Safu nzima inageuka. Nikajifunza kufyatua pale watu wanapoitikia amina.

Ukiuziwa iliyotumika, mikwaruzo isikutishe. Fungua mlango wa nyuma, gusa sponji zinazozuia mwanga: zikinata kama lami, zibadilishwe kabla hujatia filamu. Ukiona doa la mafuta kwenye mapazia ya shata, mrudishie mwenyewe.

Yangu anayo binti yangu. Nilimwazima kwa wiki mbili, mwaka juzi.