Hifadhidata ya grafu ya kukodi na jibu la "ongezeni kumbukumbu"

Sina ugomvi na hifadhidata za grafu, zile zinazohifadhi data kama nodi (vitu, mfano mteja au wakala) na viunganisho kati yake. Ugomvi wangu ni na kampuni inayotukodishia moja, na hasa na mhudumu wa kitengo chao cha msaada ambaye, baada ya kunisubirisha kutwa nzima, alinijibu maneno matatu tu: "Ongezeni kumbukumbu, ndugu," akimaanisha RAM ya seva.

Nilikuwa nimemweleza waziwazi kwamba kila usiku kuingiza data za mawakala na wateja kunachukua muda mrefu kuliko jana yake, ingawa rekodi mpya ni zilezile kwa idadi. Dalili hiyo pekee ilitosha kumshtua mtu anayeijua kazi yake, kwa sababu muda unapopanda kwa kufuata ukubwa wa grafu nzima badala ya mzigo unaoingia, bila shaka kuna mahali inapekuliwa nodi moja baada ya nyingine. Tulihamia kifurushi kikubwa chenye kumbukumbu zaidi, tukalipa, na kasi haikusogea hata kidogo.

Nilipotanguliza neno PROFILE, linaloonyesha hatua ambazo amri inapitia, kwenye amri yetu ya kuingiza data, mstari wa chini kabisa, ambao ndio hatua ya kwanza, ulisomeka NodeByLabelScan, yaani kupekua nodi zote za lebo (aina) moja. MERGE, amri tuliyoitumia kuingiza data, hutafuta kwanza kama nodi ipo, na isipokuwapo huiunda; pasipo faharasa (orodha ya kutafutia haraka) hupitia nodi zote za lebo hiyo kwa kila rekodi. Sharti la upekee, linalozuia nodi mbili kuwa na kitambulisho kimoja na ambalo huja na faharasa yake, lilikuwapo kwenye seva yetu ya zamani. Zana yao ya kuhamisha data ililiacha huko bila kutoa onyo lolote! Nililirudisha, na kazi iliyokuwa ikikesha ikawa inamalizika mapema usiku.

Haki isemwe: mhandisi wao mwingine, dada mmoja mtulivu, aligundua kilichobaki. Wateja karibu wote walifungwa kwenye nodi moja ya "Dar es Salaam", hivyo miamala (kazi za kuandika kwenye hifadhidata) iliyoandika sambamba ilikuwa ikigombea kufuli lake, ambalo hushikwa na muamala mmoja tu kwa wakati. Alitushauri tuwaunganishe wateja na kata zao, na tuandike kwa mafungu ya rekodi elfu kadhaa kwa UNWIND, amri inayofungua orodha kuwa rekodi mojamoja, badala ya muamala mmoja kwa kila rekodi. Siku hiyo nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Kisha ikaja ankara ya kifurushi kikubwa tusichokihitaji. Nilipoomba turudishiwe tofauti, aliyejibu ni yuleyule wa kumbukumbu, akasema malipo hayarudishwi. Nawapa nyota moja, na hiyo ni ya yule dada.