Korg M1 ya kwaya yetu na mafundi wawili wa Kigoma: uzoefu wangu

Kinanda chetu kilianza kwa kusahau. Jumapili moja hapa Gungu nilikiwasha, kioo kikaandika "Battery Low", nikapuuza. Kinachomekwa ukutani, betri ya nini tena? Wiki mbili baadaye majina ya sauti yote yalikuwa yamegeuka herufi za ajabu. Nilipobonyeza namba 01, ambapo ndipo penye piano, kikakoroma kama mashine ya kusaga katikati ya wimbo wa sadaka. Wazee wa kanisa waligeuka wote kwa pamoja.

Ni Korg M1, mtindo uliotoka mwaka 1988, funguo 61. Sisi tulikinunua mtumba Dar kikaja kwa treni, kimefungwa ndani ya godoro.

Fundi wa kwanza, jina nalihifadhi, alikitazama kikiwa juu ya meza, hata bisibisi hakushika. "Mwalimu, bodi imekufa. Laki mbili na nusu, nusu unatanguliza." Nikamuuliza amepima nini. Akasema kazi hii ameizoea. Nikabeba kinanda changu.

Wa pili ni mzee mmoja nyuma ya soko la Mwanga, kibanda kimejaa redio na amplifaya zilizopasuliwa matumbo. Nikamwamkia, akaniuliza swali moja tu: "Hiki kimefunguliwa lini mara ya mwisho?" Sikujua. Akachomoa waya wa umeme, akaniagizia chai, akasema tusubiri kidogo, kwa sababu pawa yake, ile sehemu inayopokea umeme wa ukutani, iko humo humo ndani, na kapasita, vile vidude vinavyohifadhi umeme, hubaki na moto hata ukishachomoa. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Ndani kuna betri bapa kama ya saa, CR2032, inayotakiwa kuwa na volti 3. Mita yake ilisoma 1.4. Basi, ndiyo hiyo. Kazi yake si kuendesha kinanda bali kushikilia kumbukumbu ya sauti wakati kimezimwa. Ikiisha, sauti zinapotea. Betri yenyewe shilingi 2,500. Kapasita za pawa alizishuku pia, maana tulikula umeme wa majenereta miaka mingi, lakini alipozipima zilikuwa nzima.

Akaja kwenye funguo. Tulikuwa na sita zenye wazimu: nyingine bubu, nyingine zinapiga kelele hata ukizigusa kwa unyoya. Kila ufunguo una migusano miwili chini yake, na kinanda hupima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili ili kujua umepiga kwa nguvu kiasi gani. Uchafu ukiingia kwenye mmoja, hesabu inaharibika. Akabandua mipira, na mbele ya macho yangu vikatoka mchanga, pini ya nywele, na tone la mawese lililoganda gumu kama lami. Nani alikula juu ya kinanda? Mpaka leo kwaya nzima imekula kiapo si yeye. Alisafisha kwa spiriti na pamba, taratibu, bila kukwangua ule weusi wa kaboni unaopitisha umeme.

Sasa malalamiko. Aliniahidi siku tatu, zikawa wiki mbili na nusu. Pasaka tuliimba kwa ngoma na kayamba. Skrubu mbili za chini hazikurudi. Na kurudisha sauti za kiwandani hakujui kabisa, alikiri mwenyewe, kwa hiyo hilo nililifanya nyumbani kwa kompyuta na waya wa MIDI, ule wa kuunganisha kinanda na kompyuta. Mara ya kwanza halikuingia hata jina moja: nilikuwa nimesahau kuzima ulinzi wa kumbukumbu kwenye ukurasa wa Global, yaani wa mipangilio ya jumla ya kinanda. Mara ya pili waya wa bei chee ulikwama njiani. Nikaazima mzuri zaidi kwa mpiga kinanda wa kanisa jirani, na usiku saa nne namba 00 ikaandika "Universe" na 01 ikaandika "Piano 16'". Mke wangu alidhani nimeshinda mkeka. Ukitaka kubadili betri kabla haijafa, hifadhi sauti zako kwenye kompyuta kwanza, kwani ukiitoa tu zinaondoka nayo.

Jumla nililipa 45,000, betri ikiwemo. Fundi huyo nampa nyota nne. Ya tano ameila kwa zile wiki mbili na nusu. Kinanda chenyewe nakipa tano, ingawa taa ya kioo imefifia na ibada ya jioni nasoma kwa tochi ya simu. Ufunguo mmoja wa noti ya la, ule wa juu kabisa, bado unapayuka. Nimewaambia sauti ya kwanza waimbe kwa nguvu zaidi hapo.