Kopo la Blue Band lenye negativu za baba

Juzi nimechukua kazi yangu kwenye studio moja ya picha pale Mwanga, Kigoma mjini. Nilipeleka negativu za marehemu baba, yaani ile mikanda ya filamu iliyopigiwa picha, ziskaniwe. Zilikuwa picha 112 kwa shilingi 500 kila moja, yaani 56,000. Niliahidiwa siku tatu, zikawa kumi na moja. Hata hivyo nitarudi, na nitawaambia kwa nini.

Baba alikuwa fundi wa reli, na kamera yake ya Yashica ilikuwa haimtoki shingoni kila Jumapili. Picha zikishasafishwa zinabandikwa kwenye albamu, negativu anazikata vipande vya picha sita sita, anazitia kwenye kopo la Blue Band na kulikaza mfuniko. Kopo likakaa juu ya kabati, chini ya bati, nyumbani Ujiji, zaidi ya miaka arobaini. Nilipolifungua, harufu ya siki ikanipanda puani. Mimi nafundisha kemia sekondari, sikuhitaji kuuliza. Mkanda wa asetati, plastiki ya filamu za zamani, ukipigwa na joto na unyevu unatoa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo siki yenyewe, na mvuke ukikosa pa kutokea unazidi kuula mkanda uliobaki. Mzee alidhani anahifadhi, kumbe kopo lilikuwa linazipika. Vipande kadhaa vilikuwa vimejikunja kama jani la tumbaku kavu.

Kijana wa studio alinipokea vizuri, shikamoo mama, karibu kiti. Alivaa glavu za pamba, akapuliza vumbi kwa kipira, wala hakufuta kwa upindo wa shati (nyumbani mimi nilifuta kwa khanga, Mungu anisamehe). Skana yake ina taa kwenye mfuniko. Hilo liulize kabla hujatoa hela, maana ile ya kutolea kopi za vyeti haikufai: negativu inataka mwanga upite katikati yake.

Sasa picha itakayonirudisha pale. Ni ya 1979, bandarini: baba na rafiki zake wawili, nyuma yao Liemba. Meli yenyewe ina historia ya kuzikwa na kufufuliwa, ilishushwa majini hapa hapa Kigoma 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Picha hiyo tumeitazama kwenye albamu maisha yetu yote. Kijana alipoigeuza kwenye kompyuta, shati la baba lililokuwa jeusi kwenye mkanda likawa jeupe, halafu pembeni kushoto akatokea mtu ambaye kwenye albamu hayupo. Bibi. Amesimama na kitenge chake, kiganja juu ya macho kukinga jua, ndoo ya mawese miguuni. Walioisafisha picha zamani waliukata ukingo ili itoshe kwenye karatasi, na bibi akakatwa nao. Nilimwambia kijana asogeze karibu, akasogeza, nikaiona hadi pete. Tulikaa kimya kidogo, mteja wa pasipoti akawa anakohoa nyuma yetu.

Lawama zangu ni tatu. Mara ya kwanza alinipa picha ndogo za kurushia WhatsApp. Nilipoikuza moja, uso wa baba ukawa vigae. Nikamrudisha kwenye mashine, askani kwa nukta 2,400 kwa inchi na ahifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Hapo kila picha ikafika kama nukta 3,400 kwa 2,270, unaweza kuichapisha ukaitundika ukutani. Ya pili, fleshi yangu ilirudi na virusi, mafolda yote yamegeuka shotikati. Kompyuta inayochomekwa fleshi za mji mzima haikosi ugonjwa.

Ya tatu ndiyo iliyonipandisha presha. Tulipomaliza, alilichukua kopo akawa analisogeza kwenye ndoo ya taka. "Mama, hizi si tutupe? Zote zipo kwenye fleshi."

Nililipokonya. Harusi yangu ya 2009 ipo kwenye DVD iliyoandikwa jina zuri kwa kalamu ya wino, na hakuna mashine inayoisoma tena. Picha za mwanangu wa kwanza zilikuwa kwenye simu iliyodumbukia ziwani nikishuka boti Kibirizi. Yaani ya 1979 ninayo, ya 2009 sina. Kodak wenyewe, kampuni ya filamu na kamera, mhandisi wao Steven Sasson alipounda kamera ya dijitali mwaka 1975, picha zilikuwa zinaandikwa kwenye kaseti. Nani leo nyumbani kwake ana chombo cha kuisoma kaseti hiyo? Mkanda unauinua tu dirishani, unaona mtu.

Ila nisiwadanganye, mkanda nao si jiwe. Za nyeusi na nyeupe zimesimama kwa sababu picha yake ni chembe za madini ya fedha. Za rangi za miaka ya 1990 picha yake ni rangi za kemikali tu, na rangi hizo hupauka hata gizani. Zangu kijana alipozigeuza, watu wote walikuwa wekundu kama wametoka kwenye tanuri. Hizo ndizo za kukimbizia studio kwanza.

Kwa sasa negativu ziko kwenye bahasha za karatasi, kabati la chini, mbali na bati, zile zenye harufu nimezitenga. Nakala za kompyuta, moja iko kwenye hard disk, moja kwenye fleshi kwa kaka yangu Tabora, na nyingine mtandaoni.

Mkienda, nendeni asubuhi kabla ya wanafunzi wa pasipoti, na fleshi mpya msiyoipenda sana. Vipande vitatu vilivyogandana kijana alikataa kuvibandua, akasema vitachanika, na hapo nilimpa heshima yake. Nimevirudisha nyumbani vilivyo. Kimoja ukikiinua kwenye mwanga unaona kama harusi, lakini ya nani, hatujajua bado.